Niliwatibu Nyuki wa Guka Ambao Hawakuwa Wagonjwa

Kuna video yangu moja ambayo nimeifuta. Wengine wenu mliiona. Nimesimama shambani kwa Guka, juu kidogo ya Naro Moru, nimevaa ile nguo nyeupe ya nyuki, nimeshika ukanda wa plastiki mkononi, naongea kama daktari wa televisheni: "Wasee, nyuki wetu wanakufa, na hii ndiyo dawa."

Watu waliipenda hiyo video kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Niliamka asubuhi nikapata simu imejaa. Sasa wacha niwaambie kilichotokea baada ya kamera kuzimwa, kwa sababu hiyo sehemu sikuwaonyesha. Na kuna watu wawili watatu walionunua ile dawa kwa sababu yangu, kwa hivyo hii stori nina deni nayo.

Tuanze mwanzo. Nilimaliza chuo, nikazungusha CV Nairobi mpaka viatu vikachoka, mwishowe nikarudi nyumbani. Guka ana miaka themanini na kitu na mizinga mitano. Minne ni ile ya vibao vya juu, ambayo ilibuniwa hapa hapa Kenya miaka ya 1970. Wa tano ni muatu, gogo lililochimbwa katikati, liko juu ya mti wa mutamaiyu tangu kabla mama hajaolewa. Magoti ya Guka yamekataa kupanda ngazi. Mimi ni msichana, na zamani nyuki hazikuwa kazi ya wasichana, lakini alinitazama tu akasema, "Wewe ndiye uko hapa. Vaa."

Mwaka huo familia ilikuwa na jambo moja kubwa. Kaka yangu alikuwa anaoa, na ruracio ilikuwa Oktoba huko Mukurweini. Mnajua mambo yetu. Unaweza kwenda na mbuzi wa kutosha na bahasha nene, lakini wazee wakikaa chini watauliza asali iko wapi na muratina iko wapi. Guka alisimama kwenye mkutano wa familia akasema hakuna mtu atanunua asali. Itatoka kwake. Alisema hivyo mbele ya wajomba wote. Kumbukeni hapo.

Julai nikaanza kusoma kuhusu nyuki kwa simu, usiku, chini ya blanketi, kwa sababu Julai ya Naro Moru si mchezo. Hapo ndipo nilikutana na varoa.

Kama hujawahi kumwona, varoa ni mdudu wa jamii ya utitiri, mwekundu wa kahawia, umbo kama kaa aliyekanyagwa, upana wake milimita moja na nusu hivi. Kwa macho unamwona. Ukimlinganisha na mwili wa nyuki, ni kama wewe kutembea na sahani ya chakula imekushika mgongoni. Miaka mingi tuliambiwa ananyonya damu ya nyuki, mpaka mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba chakula chake kikubwa ni mafuta ya mwili, ile sehemu inayomfanyia nyuki kazi kama ya ini. Akishakula hapo, nyuki anabaki mdhaifu. Mbaya zaidi, anamwachia virusi, na kimojawapo kinafanya nyuki azaliwe na mabawa yaliyokunjamana kama karatasi ya peremende.

Anavyozaana ndiyo noma yenyewe. Varoa jike anaingia kwenye chumba cha sega muda mfupi kabla nyuki hawajakiziba kwa nta. Mlango ukifungwa, anataga humo humo, pembeni ya mtoto wa nyuki. Kwanza dume moja, kisha majike. Ndugu na dada wanajamiiana ndani ya chumba, na nyuki mchanga akitoka, wanatoka naye. Anapenda zaidi vyumba vya nyuki dume kwa sababu dume anakaa ndani siku nyingi, kwa hivyo watoto wa varoa wanapata muda wa kukomaa.

Nikasoma kwamba huko Ulaya na Marekani, mzinga usiotibiwa mara nyingi unakufa ndani ya miaka miwili au mitatu. Nikaona picha za mizinga mitupu. Kichwa kikawaka moto. Asubuhi nikamwambia Guka, "Guka, nyuki wanaweza kuwa na wadudu." Akaniuliza wadudu gani. Nikamwonyesha picha. Akasema, "Hao ni chawa. Kila kitu kina chawa wake," akaendelea na chai yake.

Nikaenda Nyeri mjini kununua sukari ya unga, ile ya kupambia keki, kwa sababu nilisoma kwamba ndiyo inatumika kuhesabu. Njia yenyewe ni rahisi. Unachukua nyuki kama 300, yaani nusu kikombe, kutoka kwenye sega lenye watoto. Unahakikisha malkia hayumo. Unawatia kwenye mkebe wenye kifuniko cha wavu, unaongeza vijiko viwili vya sukari, unawabingirisha taratibu, unasubiri dakika moja au mbili. Sukari inafanya miguu ya varoa ikose mshiko. Ukiutikisa mkebe juu ya sahani nyeupe, varoa wanaanguka pamoja na sukari na unawahesabu. Nyuki unawarudisha nyumbani wakiwa weupe kama mandazi na hasira tele, wenzao wanawalamba na maisha yanaendelea.

Kwa karatasi ni rahisi, nasema. Nyuki wetu si wale wa YouTube, ambao mtu anawafungua akiwa amevaa kaptura na kikombe cha kahawa mkononi. Nilifanya jioni, na bomba la moshi, na soksi mbili mbili, na bado nilidungwa mara saba.

Nikapata hivi. Mzinga wa kwanza, varoa 5. Wa pili, 11. Wa tatu, 7. Wa nne, 9. Muatu haufunguki vibao, kwa hivyo sikuhesabu.

Kumi na mmoja kwa nyuki 300 ni karibu wanne kwa kila 100. Na nilikuwa nimesoma kwamba huko nje wengi wanashauriwa watibu wakifika kama watatu kwa 100. Kwa akili yangu hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Nikampigia jamaa mmoja anayeleta vitu kutoka ng'ambo, akaniuzia kanda za dawa zinazotosha mizinga mitatu. Niliziweka Jumamosi moja Guka akiwa kanisani kwa mkutano wa wazee. Nikarekodi ile video. Sikumwambia.

Wiki ya tatu, mzinga wa pili ulikuwa mtupu. Kulikuwa na masega, asali kidogo iliyobaki kwenye kona, na nyuki kama ishirini waliochanganyikiwa. Wengine wote walikuwa wameondoka. Nyuki wetu wa Afrika wako hivyo, ukiwasumbua wanahama. Siwezi kuapa kwamba ni dawa, kwa sababu pia nilikuwa nimeufungua ule mzinga mara nne kwa wiki mbili nikitafuta maiti za varoa za kuwaonyesha. Ninachojua ni kwamba walikaa hapo miaka na varoa wao, na hawakuweza kukaa na mimi mwezi mmoja.

Kisha nikafanya kile ambacho ningefanya kwanza. Nilisoma karatasi ya maelezo yote, mpaka yale maandishi madogo. Ilisema dawa isiwekwe wakati mzingani kuna asali ya kuvunwa kuliwa na watu. Dawa za aina hiyo zinaingia kwenye nta na kukaa humo. Mizinga miwili iliyobaki ilikuwa mizito kwa asali. Asali ya ruracio.

Nilikaa na hiyo siri siku tano. Nilijiambia ni kiasi kidogo, nani atajua. Kusema kweli, hakuna ambaye angejua. Wazee wa Mukurweini wangekunywa, wangebariki, wangeenda nyumbani. Lakini niliwaza wale wazee wakimimina tone la kwanza chini, na mimi nimekaa pale nikijua kilichomo. Nikashindwa.

Nilimpata Guka chini ya mutamaiyu, anatazama mlango wa muatu vile anavyopenda, mkono juu ya macho.

"Guka, ile asali ya mizinga ya vibao haiwezi kwenda ruracio. Ni ule wa nne tu uko sawa."

"Kwa nini?"

"Niliweka dawa. Ya wale wadudu."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza polepole, bila hasira, "Nani alikuambia wanaumwa?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema nimesoma. Nilitaka kusema hesabu ilifika nne kwa mia. Lakini nilikuwa nimebeba sega kutoka mzinga wa pili mwenyewe, kabla ya dawa, nikashindwa kuliinua kwa mkono mmoja. Watoto walikuwa wamejaa, vyumba vimefungwa sawasawa. Sikuwa nimeona hata nyuki mmoja wa mabawa yaliyokunjamana. Hakuna mtu aliniambia wanaumwa. Niliambiwa na namba iliyowekwa kwa ajili ya nyuki wengine, nchi nyingine.

Tulivuna muatu na mzinga wa nne. Haikutosha. Guka akaenda kwa jirani akanunua kilo nane. Mzee wa nyuki, aliyesimama mbele ya wajomba, anahesabu noti kwa mlango wa jirani. Pesa nilimrudishia baadaye. Ile picha bado ninayo.

Baada ya ruracio nilianza kusoma tena, lakini safari hii nikitafuta habari za nyuki wetu. Na zipo. Nilikuwa nimezipita tu.

Varoa kwao ni Asia, kwa nyuki wa huko ambao wamemzoea tangu jadi. Karne iliyopita watu walipohamisha mizinga huku na huku, akarukia kwa nyuki huyu wetu wa asali, akasambaa karibu dunia nzima. Marekani alionekana 1987. Afrika Kusini 1997. Hapa Kenya aligunduliwa 2009. Mwaka uliofuata, 2010, timu ya Dkt. Elliud Muli na wenzake wa ICIPE pale Kasarani, pamoja na wanasayansi wa chuo kikuu cha Penn State, walipima mizinga katika sehemu 24 za nchi hii. Matokeo yalichapishwa 2014. Varoa alikuwa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Lakini makundi ya nyuki hayakuonekana kudhoofika kwa sababu yake. Ushauri wao ulikuwa wazi: wafugaji wa huku wasianze kutumia dawa za kuua varoa.

Kuna kitu kingine ndani ya utafiti huo kilichonifanya nikae chini. Idadi ya varoa ilipanda kadiri walivyopanda mlima. Shamba la Guka liko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Yaani hata zile namba zilizonitisha zilikuwa na maelezo yake, na mimi nilikuwa nimezisoma kama cheti cha hospitali.

Sasa nyuki wetu wanamudu vipi mdudu anayeua mizinga ya Wazungu? Hakuna siri moja, ni vitu vingi vinavyosaidiana.

Moja, wanajisafisha. Wana pua kali ya kunusa chumba chenye mtoto mgonjwa au aliyekufa, wanakifungua, wanamtoa, wanamtupa nje. Varoa aliyekuwa humo uzazi wake unakatika. Pia wanakwanguana varoa mwilini.

Mbili, wanazaliwa haraka. Nyuki mfanyakazi wa Ulaya anachukua siku 21 tangu yai. Wa kwetu anatoka siku moja au mbili mapema. Kwako hiyo ni wikendi tu, lakini kwa watoto wa varoa wanaokimbizana na mlango kufunguliwa, ni wengine kutoka kabla hawajakomaa.

Tatu, wanahama na kugawanyika sana. Kile kitu kinachotuudhi sisi wafugaji ndicho kinawaokoa. Kundi likiondoka, varoa wengi waliofungiwa vyumbani na watoto wanabaki nyuma. Kule wanakoenda, siku kadhaa hakuna chumba kilichozibwa, kwa hivyo varoa hana pa kuzalia.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, hakuna mtu aliyewabembeleza. Nyuki wengi wa Kenya hawana mwenyewe. Wako msituni, kwenye miamba, kwenye mashimo ya miti. Sisi hata hatununui nyuki. Tunapaka nta kwenye mzinga mtupu, tunauning'iniza, tunangoja kundi lije. Kwa hivyo varoa alipokuja, walioshindwa walikufa kimya kimya huko juu na waliomudu wakazaa. Wale wanaoingia kwenye mizinga yetu ni watoto wa washindi. Kule kwingine mfugaji aliweka dawa kila mwaka, kwa hivyo nyuki dhaifu naye akaendelea kuzaa. Na varoa waliozoea dawa wakaendelea pia, mpaka dawa zingine zikaacha kufanya kazi.

Kama unadhani haya ni maringo ya Kiafrika, tazama Brazili. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka huko malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa Kizungu waliokuwepo, yakasambaa bara zima. Dunia ikawaita nyuki wauaji. Varoa alipofika Brazili miaka ya 1970, hao wauaji wakamstahimili, na mpaka leo wafugaji wa huko kwa kawaida hawaweki dawa. Ukali wanaotusema nao umekuja na mengine mazuri.

Sasa kabla hamjasema Guka alikuwa sahihi kwa kila kitu, ngojeni.

Guka alikuwa amekosea pia. Hao si chawa tu. Varoa wanaweza kuua, na utafiti wa 2010 ulifanywa wakati walikuwa wamegunduliwa tu, hauwezi kuwa dhamana ya milele. Na njia yake ya kuvuna ilikuwa mbaya kuliko varoa. Alikuwa anaenda usiku na mwenge wa moto, anachoma nyuki kwa mamia, anakata masega yote mpaka yenye watoto, anaacha mzinga umesafishwa kama sufuria ya harusi. Kisha anashangaa kundi limehama. Nilipomwambia hivyo, alinitazama kama nimemtukana babake. Ambaye, kusema kweli, ndiye aliyemfundisha.

Kwa hivyo tulikubaliana. Mimi sitaweka dawa, yeye hataleta moto. Kutoweka dawa si sawa na kukaa tu, kuna kazi.

Nahesabu kila baada ya miezi mitatu, kwa sukari, na naandika kwenye daftari. Namba moja haina maana, nataka kuona zinaelekea wapi. Na kabla ya kuhesabu nasimama mlangoni mwa mzinga natafuta mabawa yaliyokunjamana na nyuki wanaotambaa chini.

Nikiona varoa wamepanda, nainua vibao nitafute sega la nyuki dume. Vyumba vyake vinajulikana, vimetokeza kama risasi. Navikata vikiwa vimezibwa, pamoja na varoa waliojificha humo, nawapa kuku. Kuku wa Cucu sasa wakiniona na nguo nyeupe wanakuja mbio.

Mara moja moja nawapima usafi. Nachukua sindano nyembamba, natoboa vyumba vichache vilivyozibwa, naweka alama, narudi kesho yake. Kundi safi linakuwa limetoa karibu maiti zote. Kundi lililoviacha vile vile halitoi watoto wa kujaza mzinga mwingine kwangu. Nikigawanya, nagawanya lile safi.

Nawaachia asali ya kutosha, hasa kabla ya baridi ya Juni na Julai. Nyuki mwenye njaa hana nguvu ya kupigana na mtu. Nimeongea pia na jirani anayepulizia viazi na mishiri dawa, apulizie jioni nyuki wakiwa wamelala. Alikubali nilipompelekea asali. Na siagizi malkia wapole kutoka nje, hata mtu anipe bure. Sitaki kuchanganya damu ambayo imeshapita mtihani na ambayo haijaukalia.

Matokeo? Mizinga mitano si utafiti, msinukuu kama sayansi. Ile mizinga miwili iliyobaki na dawa, hesabu ilishuka mpaka sifuri na moja. Nawaambia ukweli, dawa ilifanya kazi. Kufikia Machi walikuwa wamerudi sita na watano. Mzinga wa nne, ambao haukuwahi kuguswa, ulikuwa na 9, kisha 6, kisha 8, kisha 4. Uko hai, na ndio mzito kuliko yote. Masega ya ile mizinga ya dawa niliyatoa yote, nta sikuuza. Mzinga wa pili uliingiwa na kundi jipya mwezi wa Aprili, baada ya mvua kuanza, lilitoka upande wa msitu.

Huo msitu ndio nataka mfikirie. Sisi watu wa Nyeri tumelelewa na jina la Wangari Maathai, tunapanda mche kila kukiwa na kamera, halafu tunaenda zetu. Lakini mti mzee wenye shimo ndio mzinga wa bure. Hao nyuki wa Mlima Kenya na Nyandarua wasio na mwenyewe ndio hospitali yetu, ndio dukani kwetu, ndio benki ya mbegu. Siku tutamaliza misitu, tubaki na nyuki wa kununuliwa tu, ndipo tutahitaji kanda za plastiki kila mwaka kama wengine. Na yule jamaa anayeleta vitu atatajirika.

Kuhusu video. Nimeifuta, lakini najua haifutiki vichwani. Kama ulinunua dawa kwa sababu yangu na tayari imo mzingani, usiuze hiyo asali kwa watu na usiile. Maliza muda ulioandikwa, toa kanda zote, toa masega ya asali ya wakati huo. Kama hujaifungua, irudishe upate pesa yako, au nitumie risiti tuongee, sitakimbia.

Ilikuwa rahisi sana kwangu kupiga kelele kwamba kitu chetu kinakufa. Kinauza. Ningesema "nyuki wetu wako sawa, ila wahesabu", mngepita zenu. Lakini nilienda kuwaokoa nyuki kutoka kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, kwa kutumia simu, bila kumuuliza mtu ambaye amewatazama miaka sitini.

Guka naye amebadilika, ingawa hatakubali. Nikimaliza kuhesabu anajifanya anapita tu pale kwa mizinga. "Ni ngapi leo?" anauliza. Nikisema nne, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa matokeo ya uchaguzi. Juzi nilimkuta amesimama na ile sahani nyeupe mkononi, miwani imeshuka puani, anahesabu upya kwa sababu haniamini.

Kama una mzinga, uwe Othaya, Karatina, Kieni, Nanyuki ama wapi, na hujawahi kuhesabu, niandikie. Nitakuja nikufundishe bure. Sukari utanunua wewe, na soksi uvae mbili.